Kila Mshtakiwa Alikunywa Mbili

Nyinyi mnaoanza kushika kesi za ulevi barabarani, jueni kwanza kwamba mteja wenu atakuwa amekunywa bia mbili. Awe amekutwa amelala juu ya usukani, ni mbili. Awe ameingiza gari katikati ya migomba ya watu na kumuuliza trafiki kama wamefika Mwanza, bado ni mbili. Miaka yangu yote ya uwakili, Bukoba mjini na Muleba, nilisikia "mbili tu, Mama Wakili" mpaka nikaacha kuliandika jibu hilo kwenye faili. Niliacha mstari mtupu, nikauliza mengine.

Sasa nimestaafu. Niko kwangu Kitendaguro, nahudumia kibanja changu cha migomba na kahawa na kugombana na jirani kuhusu mbuzi wake. Lakini bado mnakuja kuniuliza utetezi gani unafaa, na mnakuja na orodha mliyoitoa kwenye simu. Mashine ilikuwa mbovu. Muda mrefu ulipita kati ya kuendesha na kupimwa. Hakuwa anaendesha, alikaa tu garini. Alikuwa mgonjwa, si mlevi. Aliwekewa pombe kwenye soda bila kujua. Orodha hiyo ni nzuri. Kila utetezi uliomo nimewahi kuutumia nikashinda, na karibu kila mmoja umewahi kuniaibisha.

Mfano ni huu wa mashine. Nikiwa bado mgeni kwenye kazi nilisoma mahali kwamba dawa ya kusukutua mdomo inaweza kukidanganya kipima ulevi, kwa sababu ina pombe kidogo. Nikafurahi kama mtu aliyeokota kitu barabarani. Siku ya kesi nikamwomba hakimu kipima ulevi kiletwe mahakamani, nikasukutua dawa yangu chooni, nikarudi nimejiandaa kupuliza na kuonyesha kwamba hata wakili wa mteja anaweza kuonekana mlevi. Hakimu akakumbuka kwamba ana barua ya kusaini ofisini. Tukasubiri kama dakika ishirini. Nilipopuliza, mashine ikaonyesha sifuri. Mwendesha mashtaka akasimama taratibu na kusema kwamba upande wa mashtaka unamshukuru wakili msomi kwa kuthibitisha uzima wa mashine yao. Hata karani alicheka. Pombe inayobaki mdomoni haikai, baada ya robo saa hivi imekwisha. Ndiyo maana askari anayejua kazi humwacha mtu akae kidogo kabla ya kumpima, na ndiyo maana swali la kumuuliza askari si kama mashine ni nzima. Muulizeni alisubiri dakika ngapi, na cheti cha ukaguzi wa mashine kiko wapi.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Kamugisha, wakili wa zamani aliyekuwa na chumba kimoja karibu na soko. Nilipomweleza aibu ile hakucheka. Aliuliza kama nilikwenda mahali mteja wangu aliposimamishwa. Nikasema sikwenda, nilikuwa nasoma sheria. "Sheria utaikuta ofisini ukirudi," akasema. "Barabara nenda kaione leo." Tangu hapo nilikwenda kila mahali, kwa basi, kwa pikipiki, kwa miguu. Nilijifunza pia kutomwamini mtu, wala karatasi, wala furaha yangu mwenyewe ninapoona ushindi uko karibu.

Kutoamini nako kuna hasara, msije mkasema sikuwaambia. Kuna mwalimu mmoja wa Maruku alikamatwa anayumba kando ya pikipiki yake, maneno yanamtoka ovyo. Akalazwa mahabusu kama mlevi. Aliponiambia hajawahi kuonja pombe, nilimtazama nikaandika moyoni: huyu wa tatu wiki hii. Mkewe ndiye aliyeleta kadi ya kliniki ya kisukari. Sukari ilikuwa imemshuka. Angeweza kufia mahabusu huku mimi nikimpangia utetezi wa uongo, ilhali ule wa kweli ulikuwa umekaa mfukoni kwa mkewe. Kwa hiyo ulizeni kuhusu magonjwa kwanza, kabla hamjaanza kujifanya werevu.

Sasa niwaambie kesi ambayo mpaka leo sijui niiweke kwenye ushindi au kwenye kushindwa. Majina nimeyabadilisha, ingawa yaliyotokea yalisemwa mahakamani mbele ya watu, na yule iliyemhusu zaidi amenipa ruhusa.

Walikuja ofisini wawili. Aliyetangulia alikuwa mfanyabiashara wa dagaa na sangara, ananunua visiwani upande wa Muleba na kuuza mjini. Wafanyakazi wake walimwita Tajiri, nami nitamwita hivyo. Mtu mrefu, mnene, mwenye pete kubwa aliyokuwa akiigonga mezani kwangu anapozungumza. Nyuma yake alikuwa dereva wake, Projestus, mfupi, wa miaka arobaini hivi, ameshika kofia kwa mikono miwili kama yuko kanisani.

Jambo lenyewe lilionekana jepesi. Jumamosi moja, saa kumi alasiri, pikapu ya Tajiri ilimgonga mama mmoja mjane pale Buganguzi, Ma Adventina, aliyekuwa anatembea kando ya barabara na kikapu cha kahawa kichwani. Nyonga ikavunjika. Dereva alishuka, kisha akaondoka kwa pikipiki akisema anafuata msaada. Majirani waliofika baadaye wakamkimbiza mama hospitali kwa gari jingine. Saa mbili na nusu baada ya ajali, Projestus akaingia kituo cha polisi mwenyewe, ananuka pombe, akasema yeye ndiye dereva. Wakampima, akawa amezidi kiwango. Wakaandika maelezo yake ya kukiri jioni ileile. Mashtaka yakawa mawili: kuendesha akiwa amelewa, na kuendesha kwa hatari hadi kumjeruhi mtu.

Nilimuuliza Projestus alikunywa kiasi gani. Tajiri akajibu. Nikauliza tena nikimtazama Projestus, Tajiri akajibu tena. Hapo nikamwomba Tajiri atupishe. Shikeni hili: anayemlipia mteja hakai kwenye mazungumzo ya mteja, hata awe baba yake mzazi. Tajiri alitoka bila kupenda. Niliona viatu vyake chini ya mlango, vimesimama palepale.

Nikarudia swali.

"Nilikunywa nyingi, Mama," Projestus akasema. "Nilikunywa sana."

Kalamu yangu ikasimama. Hakuna mshtakiwa aliyewahi kuniambia hivyo. Nikauliza alikunywa wapi, akataja baa moja ya Muleba. Nani alimhudumia, hakumbuki. Alikaa na nani, peke yake. Aliacha gari wapi, akarudia jina la baa. Alipokuwa anajibu alisema kama mtoto anayekariri katekisimu mbele ya padri, maneno yote yamenyooka na hakuna lililo lake. Watu hudanganya ili waonekane wamekunywa kidogo. Huyu alikuwa anadanganya ili aonekane amekunywa zaidi.

Nilipomwita Tajiri ndani, alikuwa na ushauri wa kisheria tayari. Alitaka nishambulie mashine. Alisema mtu wake ni mwoga, nisimsumbue kwa maswali mengi.

Nilipopata karatasi za upande wa mashtaka, nikaona Tajiri hakukosea. Mashine haikuwa na cheti cha ukaguzi. Hakuna damu iliyochukuliwa. Saa mbili na nusu zilikuwa zimepita, na hakuna aliyeuliza mtuhumiwa alikuwa wapi katika saa hizo. Lililonifurahisha zaidi ni yale maelezo ya kukiri. Polisi walikuwa wanasema mtu huyu alilewa kiasi cha kushindwa kushika usukani, na papo hapo wanasema alikuwa na akili timamu ya kutoa maelezo na kuyasaini. Yasipokubaliwa maelezo hayo, hakuna karatasi nyingine inayomweka Projestus ndani ya gari. Ma Adventina mwenyewe hawakupanga kumwita, kwa kuwa hali yake ilikuwa bado mbaya, na maelezo yake yalikuwa mistari minne tu. Upande wa mashtaka ungemaliza, mimi ningesimama na kuomba mahakama iseme mshtakiwa hana kesi ya kujibu, nasi tungekula chakula cha mchana nyumbani.

Ndipo nikaanza kuogopa. Kesi ilikuwa imenijia imeshamenywa, kilichobaki ni kuiweka sufuriani. Nikapanda basi kwenda Buganguzi.

Msimwendee shahidi wa upande wa pili peke yenu. Mtaambiwa mmekwenda kumnunua au kumtisha. Mimi nilimchukua mwenyekiti wa kitongoji, nikajitambulisha mbele yake kwamba ni wakili wa mtu anayeshtakiwa, na kwamba mama ana haki ya kunifukuza. Ma Adventina alikuwa amelazwa kwenye mkeka barazani, mguu umefungwa, na mbele yake kahawa imeanikwa. Tulisalimiana kwa Kihaya, nikampa pole. Hakunifukuza. Alisema tangu atoke hospitali hakuna mtu wa serikali aliyefika kumuuliza neno.

Nikamwomba anisimulie. Akasema dereva alishuka, akapiga magoti, akamshika kichwa na kulia, akimwita mae, yaani mama. Alinuka pombe. Majirani wa kwanza, wakiwa bado wako mbali, waliiona pikipiki ikimchukua. Kisha mama akageuza shavu lake la kushoto akanionyesha alama nyembamba.

"Pete yake ilinichana aliponishika," akasema. "Mtu mkubwa, waitu. Mkono wake ulinifunika uso wote."

Nikamuuliza kama alimwambia askari hivyo.

"Nilimwambia mtu mrefu, mnene, mwenye pete. Nikamwona anaandika."

Niliyajua maelezo yale kwa moyo. Yalisema: "Nilimwona dereva akishuka." Maneno yote ya mama, na urefu, na unene, na pete, yalikuwa yameingizwa ndani ya neno moja. Askari hakuwa na haja ya kupamba. Dereva alikuwa ameshajileta mwenyewe.

Nilirudi Bukoba nimekaa dirishani, na sikuona hata kilima kimoja. Siku mbili baadaye mke wa Projestus alinijia, mama mpole anayeitwa Winfrida. Hakutaka kukaa. Alisema mumewe alikuwa mlevi zamani, kiasi cha kuuza mabati ya nyumba. Aliacha kwa shida kubwa, akaishi miaka sita bila kugusa hata rubisi, ile pombe ya ndizi ya harusini, watu wakimcheka. Siku ya ajali aliondoka nyumbani mzima. Alipotoka polisi alirudi na kiu, na tangu siku ile hajaacha.

"Nyinyi mnashindana na polisi," akaniambia. "Sawa. Lakini mume wangu nani ananirudishia?"

Nikamwita Projestus peke yake. Sikumuuliza chochote. Nilimwambia nimemwona Ma Adventina, nimeona alama ya pete, na mkewe amefika. Kisha nikanyamaza, na hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote za wakili. Aliikunja kofia yake, akaikunjua. Halafu akasema yote kwa sauti ya kawaida, kama anayeeleza safari.

Tajiri ndiye aliyekuwa akiendesha, akitoka kunywa na wenzake mwaloni, pale mitumbwi ya samaki inaposhusha. Baada ya ajali alimpigia simu Projestus, wakakutana nyumbani kwa ndugu wa Tajiri. Tajiri alimwambia akajitaje polisi, atamwekea wakili, hatafungwa, na masomo ya binti wa Projestus yataendelea kulipiwa kama siku zote. Projestus alikubali hapohapo, kwa kuwa binti alibakiza mwaka mmoja. Akainuka aende. Tajiri akamzuia, akasema yule mama ameshanusa pombe, na hospitali atasema. Polisi wakiletewa dereva mkavu, wataanza kumtafuta mlevi.

"Nikamwambia, mimi sinywi, wewe unajua," Projestus akaniambia. "Akasema ni leo tu. Akanimiminia gongo kwenye kikombe cha chai."

Alikunywa vikombe vitatu, na cha nne alijimiminia mwenyewe. Hicho cha nne ndicho kilichomwondolea usingizi.

Mnaona ilivyokuwa. Nilikuwa nimejiandaa kuiita mashine mwongo, kumbe katika kesi nzima ni mashine peke yake iliyosema kweli. Na utetezi wa "nilikunywa baada ya kuendesha", ambao nimeusikia kwa walevi wengi na sikuwahi kuuamini hata mara moja, ulikuwa umekaa mbele yangu, wa kweli kuliko walivyoweza kuubuni.

Siri hiyo ilikuwa yake. Nisingeweza kuipeleka polisi hata kama moyo ulitaka, na nyinyi msije mkafanya hivyo. Nilichoweza ni kumwekea njia mbili mezani. Ya kwanza, akae kimya, niombe mahakama iseme hana kesi ya kujibu, na niliamini tutashinda. Ya pili, asimame kizimbani na kusema, na huenda akashtakiwa upya kwa kuwadanganya polisi. Nilimwambia njia ya kwanza ni salama zaidi kwake na kwamba nisingemlaumu. Nilisema hivyo kwa sababu ndiyo kazi yangu, na nawaambia kweli, nilitumaini ataikataa.

Aliuliza jambo moja tu. Akitoka kwa njia ya kwanza, yule mama ataambiwa nani alimvunja? Nikamwambia hataambiwa kitu. Mahakama itasema tu kwamba haikuthibitika.

Akaomba siku tatu. Katika siku hizo Tajiri alinipigia simu mara nyingi, na mara ya mwisho akaniambia nimeachishwa kesi. Nikamkumbusha kwamba jina lililo kwenye makubaliano yetu ni la Projestus, na yeye Tajiri sijawahi kuwa wakili wake. Akakata simu.

Siku ya kusikilizwa, mashahidi wa mashtaka walikuwa askari wawili na daktari. Nilimuuliza askari kuhusu cheti na muda, akababaika vizuri tu. Upande wa mashtaka ulipofunga, kila mtu alinitazama mimi, hata mwendesha mashtaka, ambaye nadhani alikuwa ameshakata tamaa. Nilimgeukia Projestus. Alikuwa amevaa shati la Jumapili. Akaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, atasema. Nikamwambia hakimu hatuna ombi, mshtakiwa atajitetea kwa kiapo.

Nilimuuliza maswali machache. Alikuwa wapi saa kumi? Nyumbani, anatengeneza banda la mbuzi na mkewe. Nani aliendesha gari? Akamtaja, na Tajiri, aliyekuwa amekaa benchi la nyuma, akainuka na kutoka. Kisha zamu ya mwendesha mashtaka. Alikuwa mkali, na alikuwa na haki ya kuwa mkali. Alisema hayo yote ni hadithi iliyotungwa na wakili. Mtu ambaye hakuendesha gari, ambaye anadai hanywi, kwa nini anywe halafu aende polisi?

"Nilikunywa ili ninuke, mheshimiwa," Projestus akasema.

Mwendesha mashtaka alikuwa na karatasi ya maswali mkononi. Akaitazama, akakaa.

Ma Adventina aliletwa tarehe iliyofuata kwa gari la parokia, mahakama yenyewe ikitaka kumsikia. Aliulizwa kama mtu aliyemgonga yumo chumbani. Akatazama kote, akamtazama Projestus muda mrefu, akasema huyu ni mfupi, hawezi kuwa yeye. Projestus akaachiwa kwa mashtaka yote mawili. Baadaye alishtakiwa kwa kutoa taarifa za uongo polisi, akakiri, akaachiwa kwa sharti la kutotenda kosa jingine. Alipoteza kazi. Binti alimaliza mwaka wake kwa michango ya jumuiya na kwa kahawa ya bibi yake.

Na Tajiri? Alishtakiwa pia, baada ya kukaa visiwani miezi kadhaa. Akatiwa hatiani kwa uendeshaji wa uzembe, akalipa faini, akanyang'anywa leseni kwa muda. Shtaka la ulevi hawakulifungua. Wangelithibitisha na nini? Hakuna aliyempima, na pombe ya Jumamosi ile ilikuwa imemtoka kabla mtu yeyote hajafikiri kumtafuta. Mimi na vitabu vyangu sikuwahi kupata utetezi mzuri kama ule alioupata yeye kwa kikombe cha chai. Ndiyo maana mnaponiletea orodha zenu nawauliza: huu utetezi nani ameuleta, na mnaye mtu sahihi mbele yenu?

Ma Adventina sasa anatembea kwa fimbo. Projestus huenda kumchumia kahawa msimu ukifika. Mwanzoni mama alimkatalia, akisema hana deni kwake. Projestus akaenda tu.

Pombe ndiyo iliyokuwa kesi ndefu. Aliacha, akarudia, akaacha tena. Winfrida aliwahi kunipigia simu analia, na mara nyingine alinipigia kunisalimu tu, nikajua wiki hiyo ni nzuri. Mwezi uliopita Projestus alikuja Kitendaguro kunisalimia, mchana, ameniletea mkungu wa ndizi. Aliinama kunipa mkono kwa heshima, nami nikamsogelea karibu kuliko inavyofaa kwa mama wa umri wangu, nikavuta pumzi. Aliona. Nikaona haya, nikaanza kusema kitu kuhusu mafua.

"Nusa tu, Mama Wakili," akasema, akabaki ameinama palepale. "Winfrida naye hufanya hivyo kila jioni."

Nikanusa. Alinuka jasho na utomvu wa ndizi. Nikamwambia aingie ndani, nikaenda kuweka maji ya chai jikoni, na huko nikasimama kidogo mpaka macho yakauke.